Boya la Mtu wa Ukingoni

Mto Mubuku, wilayani Kasese nchini Uganda, umetumikishwa sana katika muda wa karne moja na ushei. Mwaka 1906 bonde lake lilikuwa njia ya mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, na wapagazi wake kupanda hadi kilele cha Margherita katika safu ya Rwenzori. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kilembe Mines iliyageuza maji yake kuwa umeme wa mgodi wa shaba. Miaka ya 1960 ikaja mifereji ya mradi wa umwagiliaji unaobeba jina la mto huo mpaka leo. Mwaka 2009 kituo cha umeme cha Bugoye, chenye uwezo wa megawati 13, kikaanza kazi. Kila kizazi kimeutazama mto huu kikaona cha kuchukua. Hoja yangu ni kwamba katika historia hiyo ndefu ya kuyatumia maji kuna kitu kimoja kilichorukwa, na kurukwa kwake kumegharimu uhai: kifaa ambacho mtu aliyesimama ukingoni anaweza kukitwaa na kumrushia mwenzake anayezama, bila yeye mwenyewe kujitosa. Liwe boya la duara, kamba, au dumu tupu lililofungwa vizuri, ni kitu chochote kinachoelea na kutupika. Kwa maji ya Kasese na mji wa Bwera kifaa hicho kina nafasi ambayo jaketi la kujiokolea haliwezi kuijaza. Lakini sheria zetu, misaada yetu na hata mazoea yetu ya kufikiri juu ya usalama wa majini tumeyarithi kutoka melini, na melini mtu wa ukingoni hayupo.

Tuanze na maji yenyewe. Kasese ina maji ya tabia tatu, na kila tabia inaua kwa namna yake. Kuna mito: Mubuku, Sebwe na Nyamwamba ambayo maji yake huishia Ziwa George, kisha Nyamugasani na Lhubiriha inayoelekea Ziwa Edward. Inatoka kwenye safu ambayo kilele chake kirefu kinafika mita 5,109, na ndani ya makumi machache ya kilomita inashuka hadi kwenye maziwa yaliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Maji yanayoporomoka hivyo ni baridi, yanasukuma mawe, na nguvu yake haipimwi kwa kina. Yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kuna mifereji, ya umwagiliaji na ya umeme, ambayo hatari yake imo katika unyoofu wake: kuta ni laini, na aliyeteleza hapati mzizi wala jiwe la kushika. Kisha kuna maziwa. Edward lina kina kinachozidi mita 110 upande wa Kongo. George ni kinyume chake kabisa: eneo lake ni kama kilomita za mraba 250, lakini wastani wa kina chake ni mita 2.4 tu. Takwimu hiyo inastahili kutafakariwa. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 anayezama mahali pa kina hicho anakufa huku sakafu ya ziwa ikiwa sentimita 70 chini ya nyayo zake. Hahitaji chombo cha kumvusha ziwa zima. Anahitaji kitu cha kumweka juu kwa dakika chache, mpaka mtumbwi mwingine umfikie.

Na anayezama ni nani? Sheria inapozungumzia usalama wa majini humfikiria abiria: mtu aliyekata tiketi, akapanda chombo, akaketi. Kando ya Mubuku wengi wanaokutana na maji si abiria. Ni mtoto aliyetumwa kuteka maji, mama anayefua, mkulima anayekwenda kufungua lango la mfereji, mchungaji anayenywesha ng'ombe, mchuuzi wa Bwera anayevuka Lhubiriha, mto wa mpaka na Kongo, kwa miguu badala ya kupita darajani Mpondwe. Hakuna hata mmoja wao aliyetoka nyumbani akijiona msafiri wa majini. Jaketi humfaa aliyejua mapema kwamba atakuwa juu ya maji, akalivaa na kulifunga. Aliyeteleza hakujua. Msaada wake lazima utoke kwa mwingine, na huyo mwingine, mara nyingi, ni jirani aliyekuwa karibu. Hapo ndipo historia ya kifaa cha kutupa inapotuhusu.

Vitu vya kuelea havikuletwa Afrika Mashariki na mgeni. Kandokando ya maziwa mengi ya bonde la Nile na Bonde la Ufa huota mti wa majini ambao wataalamu wa mimea huuita Aeschynomene elaphroxylon, wenye ubao mwepesi ajabu. Wailchamus wa Ziwa Baringo nchini Kenya wameuundia vyombo vyao vya kuvulia tangu zamani, na kwingineko wavuvi wameukata kuwa vyelezo vya nyavu. Pwani kuna msufi. Sufi ileile ya kujazia mito na magodoro ndiyo iliyojazwa katika majaketi ya mabaharia wa Ulaya na Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa kuwa nyuzi zake ni mirija mitupu yenye nta isiyonyonya maji. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, sufi iliadimika duniani hata watoto wa Marekani na Kanada wakatumwa maporini mwaka 1944 kukusanya nyuzi za mmea mwingine ili wanamaji wapate cha kuwaelesha. Nayataja haya kwa sababu moja. Uhaba wa vitu vinavyoelea haujawahi kuwa kikwazo chetu. Kilichohitajika ni desturi yenye mwenyewe: kwamba kitu hicho kikae mahali panapojulikana, kando ya maji, tayari kwa mkono wa yeyote atakayekuwa karibu.

Desturi ya namna hiyo ilikwishapata umbo katika Ulaya ya karne ya 18, tena katika mji wa mifereji. Amsterdam ilikuwa ikipoteza watu katika mifereji yake mwenyewe, na mwaka 1767 raia wake walianzisha chama cha kuokoa wanaozama, kikatangaza maelekezo ya kuwazindua na kikawatuza waokoaji. London ikafuata mwaka 1774 kwa chama kilichokuja kuitwa Royal Humane Society. Mwaka 1807 manowari Snipe ilivunjika karibu na mji wa Great Yarmouth, Uingereza, na wengi wa waliokuwamo wakafa mbele ya macho ya watu waliosimama pwani wakiwa hawana cha kufanya. Mmoja wa waliotazama alikuwa Kapteni George William Manby. Mwaka uliofuata mzinga wake mdogo wa kurusha kamba kutoka nchi kavu hadi chomboni ulikuwa umeanza kuokoa mabaharia. Katikati ya karne ya 19 likaenea boya la duara, ambalo kubuniwa kwake kunahusishwa na afisa wa jeshi la majini aitwaye Thomas Kisbee. Vifaa hivi vilitofautiana sana kwa umbo na gharama, lakini vyote vilianzia kwa mtu aliye salama. Waasisi wake walijiuliza jinsi ya kumwezesha anayetazama kufanya kitu bila kukilipia kwa uhai wake. Ninaamini hilo ndilo swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kuhusu maji.

Baadaye njia ziligawanyika, na tawi la meli likawa kubwa kuliko la ukingoni. Mwaka 1854 Kapteni Ward wa chama cha mashua za uokoaji cha Uingereza alitengeneza jaketi la magome mepesi ya mti wa koki. Mwaka 1861, huko Whitby, mashua ya waokoaji ilipinduka na watu 12 kati ya 13 wakafa. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye aliyekuwa amevaa jaketi hilo jipya. Ushahidi huo ulikuwa mzito, na ulistahili kusikilizwa. Titanic ilipozama mwaka 1912, mataifa yalikutana na mwaka 1914 yakatoa mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Humo na katika mikataba iliyofuata, boya la kutupa halikusahauliwa. Lilipimwa kwa makini: kipenyo cha nje kisizidi milimita 800, cha ndani kisipungue milimita 400, na liweze kubeba kilo 14.5 za chuma katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa 24. Lakini lilipimwa kama mali ya meli. Nchi kavu, mbali na bandari, hakuna aliyeamriwa kulitundika.

Afrika Mashariki iliupokea urithi huo ulivyo, kisha misiba ikaukazia. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa na watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakaenda nayo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, ikitoka Bugolora, ilipinduka ilipokaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Baada ya kila msiba yaliulizwa maswali ya melini: abiria walikuwa wangapi, majaketi mangapi, nahodha alikuwa nani. Ni maswali ya haki, na kutokana nayo zimekuja sheria kali zaidi, ikiwemo Sheria ya Usafiri wa Majini ya Uganda ya mwaka 2021. Hata hivyo, Mtongwe kilipinduka takriban mita 40 tu kutoka nchi kavu, na Nyerere mwishoni kabisa mwa safari yake. Sisemi kwamba maboya yaliyotundikwa gatini yangewaokoa watu wote hao. Chombo kilichojaa kikipinduka ghafla huwafunika wengi papo hapo. Nasema kwamba hata katika misiba yetu mikubwa ya vyombo, watu waliosimama nchi kavu walikuwa karibu, nasi tukaendelea kuandika kanuni kana kwamba hawakuwepo.

Kasese inaonyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee, kwa sababu maji yake yamehesabiwa sana. Mji wenyewe ulikua na reli iliyofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe. Kabla yake kidogo shirika la TUFMAC lilikuwa limejenga kiwanda cha samaki Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa George, na kununua ngege wa wavuvi wa mialo ya jirani. Mitumbwi ikapewa leseni kwa idadi maalumu na macho ya nyavu yakapimwa kwa inchi. Kuanzia 1966 hadi 1972 timu ya Mpango wa Kimataifa wa Biolojia ilipiga kambi hapohapo, ikapima mwani, joto, mwanga na samaki, hata Ziwa George likawa miongoni mwa maziwa ya tropiki yaliyochunguzwa kwa undani kuliko mengine duniani. Kazi hiyo ilikuwa nzuri na bado inasomwa. Lakini mtazamo wake ulikuwa mtazamo wa mgodi na wa bwawa la umeme: maji ni rasilimali, na binadamu ni mtu wa kuivuna au kuiharibu. Mvuvi aliingia daftarini kama mwenye leseni. Mtoto wa mwaloni Hamukungu au Kahendero hakuingia daftarini kabisa, maana hakuvua wala hakusafiri. Alicheza tu kando ya maji.

Sasa tumtazame huyo aliye ukingoni. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji, nao walikuwa wakieleza jambo ambalo waokoaji wa leo wanalifundisha kwa wanafunzi wao: anayezama hachagui cha kushika. Atamshika anayekuja kumwokoa, atampanda mabegani, atamsukuma chini ili yeye apate pumzi, na hafanyi hivyo kwa ubaya. Mwili ndio unaotenda. Mwokoaji Mmarekani Frank Pia, aliyewachunguza watu wanaozama, alionyesha kwamba kwa kawaida mapambano ya juu ya maji hudumu kati ya sekunde 20 na 60, na kwamba mhusika mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mkono, kwa sababu mdomo unatafuta hewa na mikono inasukuma maji. Huko Australia, Richard Franklin na John Pearn waliandika mwaka 2011 kuhusu watu waliokufa wakijaribu kuwaokoa watoto; walijitosa kwa upendo, nao wakazama. Ndiyo maana familia moja inaweza kuzika wawili kwa ajali ya mmoja. Baba asiye na kitu mkononi ana njia mbili tu, kutazama au kujitosa, na hakuna mzazi atakayetazama. Kumpa kifaa cha kutupa ni kumpa njia ya tatu. Lawama za kwamba watu wetu hawana elimu ya uokoaji haziwezi kuwa za haki kama tumewaacha mikono mitupu.

Tena kifaa chenyewe kipo. Jerikani ya plastiki, au bidoni kama wasemavyo ng'ambo ya Lhubiriha, ilienea vijijini ikiwa na mafuta ya kupikia, ikabaki kuwa chombo cha kuchotea maji cha kila nyumba. Hesabu yake ni nyepesi. Jerikani tupu ya lita 20, iliyofungwa kifuniko barabara, ikizamishwa husukuma kando kilo 20 za maji. Ukitoa uzito wake mwenyewe, ambao ni kama kilo moja, inabaki nguvu ya kuelesha kilo 19 hivi. Hiyo inazidi zile kilo 14.5 zinazodaiwa na kanuni za meli za kimataifa. Na binadamu majini hahitaji hata hizo. Sehemu kubwa ya mwili wake hubebwa na maji yenyewe. Mtu mzima huhitaji takriban kilo tano tu za nyongeza ili mdomo ubaki juu. Jerikani ndogo ya lita tano inakaribia kutosha. Ikifungwa kamba kwenye mkono wake na kuachiwa maji kidogo ndani, hupata uzito wa kurushika bila kupeperushwa na upepo wa ziwani. Rangi ya njano huonekana mbali. Inawezekana kupinga kwamba dumu halina pahali pazuri pa kushika kama boya la duara, na pingamizi hilo ni kweli: mikono yenye baridi huteleza kwenye plastiki, na boya halisi lenye kamba pembeni ni bora. Lakini ubora wa boya lililoko ghalani Kampala haumsaidii mtu aliyeko mferejini Mubuku.

Mtoni mambo ni magumu zaidi, na hapa wapenzi wa boya la duara hukosea. Katika maji yaendayo kasi, kinachookoa zaidi ni kamba. Waendesha mitumbwi ya michezo kwenye mito ya milimani walibuni katika karne ya 20 mfuko mdogo wenye kipande cha sponji kinachoelea, uliosheheni kamba ya mita 15 hadi 25. Ukirushwa, kamba hujifungua yenyewe hewani na kumwangukia aliye majini. Anayerusha hulenga kamba impitie mwenzake kifuani au mbele yake kidogo, kwa sababu mkondo unampeleka mbele kila sekunde. Kisha hasimami kuvutana na mto. Humwacha aliyeshika ayumbe na maji huku kamba ikimsogeza kando, mpaka mkondo wenyewe umfikishe ukingoni upande wa chini. Hafungi kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi, maana mto ukishinda utachukua wawili. Haya hayahitaji mashine wala shahada. Yanahitaji mazoezi ya mchana mmoja, na yarudiwe, kwa sababu mkono husahau. Shirika la Afya Duniani linataja mafunzo ya uokoaji salama kwa watu wa kawaida kuwa mojawapo ya hatua kuu za kupunguza vifo vya kuzama, ambavyo kwa makadirio yake vilifika 300,000 duniani mwaka 2021, vingi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika historia ya karibuni ya Kasese yenyewe. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba mawe makubwa, nyumba na madaraja, na watu wakafa. Mwaka 2014 ukafurika tena. Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilivunja kingo zake, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, boya lina kazi gani mbele ya maji yanayoviringisha mwamba mkubwa kama gari. Halina kazi. Usiku wa gharika kinachookoa ni onyo la mapema, kuhama kwenye kingo, na misitu ya milimani iliyohifadhiwa. Yeyote anayewauzia watu wa Kilembe maboya badala ya hayo anawadanganya. Ila gharika ni siku chache. Baada yake huja miezi ambayo daraja limeondoka na watu hawajaacha kwenda shambani, sokoni na shuleni. Wanavuka juu ya gogo, wanavuka wameshikana mikono. Katika miezi hiyo maji si ukuta tena, ni mkondo wenye mita kadhaa za upana na watu pande zote mbili, na kamba ya mita 20 inavuka upana huo. Serikali inayotuma mhandisi kupima mahali daraja lilipokuwa inaweza, siku hiyo hiyo, kutundika kamba na boya hapo, kisha iendelee kutafuta fedha za daraja.

Wapo wanaosema bora watoto wote wafundishwe kuogelea. Naunga mkono, na shule zikiweza zifanye. Lakini kuogelea kwa mtoto wa miaka kumi katika maji tulivu hakumtoi katika mkondo wa Mubuku, na mafunzo hayo yakianza leo hayatawafikia wakubwa walio mialoni sasa. Wengine husema vifaa vitaibwa. Vitaibwa, baadhi yake. Ayalandi, nchi yenye maboya ya duara kando ya mito, mifereji na fukwe zake, hupambana na wizi na uharibifu wa maboya hayo. Halmashauri hutundika mengine, na kuwakumbusha raia kwamba aliyeiba boya amemwibia mtu uhai. Hawakuona kwamba wizi ni sababu ya kuacha. Kwetu kuna njia nyepesi zaidi, kwani thamani ya jerikani na kamba si ya kumtia mwizi tamaa, na penye maji karibu kila mara pana mtu: mwenye kibanda cha chai kando ya daraja, kamati ya mwalo, mkulima wa zamu kwenye lango la mfereji. Kifaa kikikabidhiwa mtu mwenye jina, mbele ya majirani zake, kina ulinzi kuliko kilichofungwa kwenye nguzo yenye nembo ya mfadhili.

Mwenye shaka juu ya uwezo wa watu wa kawaida autazame mji wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu sana na uwanja. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisifiwa kwa kutumia kasia kuuvunjia mlango, na watu 24 wakatoka hai. Wavuvi wale walikuwa na ujasiri, macho ya kuona, na vitu vya kazi yao: mitumbwi, makasia, kamba. Watu 19 walikufa, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni wangapi wangepona kama vifaa zaidi vingekuwa jirani. Kilichothibitika ni kwamba dakika za kwanza ni za jirani, hata ajali ikiwa ya ndege, na kwamba anachoweza kufanya kinategemea kilicho mkononi mwake. Tukilijua hilo, kumwachia mkono mtupu ni uamuzi, hata kama hakuna kikao kilichokaa kuupitisha.

Ukiiangalia ramani, orodha ya mahali pa kuanzia si ndefu: daraja la barabara ya Fort Portal kwenda Kasese linapovuka Mubuku, malango ya mifereji ya umwagiliaji na ya umeme, kivuko cha miguu kila palipopoteza daraja, na mialo ya Hamukungu, Kahendero, Kasenyi, Katwe na Kayanja. Wenye mitambo ya umeme na wenye mradi wa umwagiliaji wanapaswa kubeba gharama ya mifereji yao, kwa kuwa hatari ile waliichimba wao. Mto uliumbwa, mfereji ulijengwa. Mahali pagumu kuliko pote ni Lhubiriha, kwa sababu pale mto ni mpaka wa nchi mbili. Anayesombwa akitokea Mpondwe anaweza kufikishwa na mkondo upande wa Kongo, na wa Kasindi, ng'ambo, akaishia Uganda. Kamba iliyo upande mmoja ni nusu ya kazi. Viongozi wa miji hii miwili hukutana kuzungumzia forodha, magonjwa na usalama, na wafanyabiashara wao hununua jerikani na kamba katika soko lilelile; katika mkutano ujao waweke kwenye ajenda ni nani atakayetunza kamba ya ukingo wa mashariki, na nani ya ukingo wa magharibi.